Je, Wajua? Shafti Mpya, Taa ya ABS Inawaka

Je, wajua kwamba taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa kukanyaga breki, ikiwaka siku ileile gari lilipobadilishwa shafti, kompyuta ya breki ndiyo ya mwisho kushukiwa? Shafti ya mbele hupokea nguvu kutoka giaboksi na kuzungusha gurudumu. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, zile zinazopishana kila siku kati ya Musoma, Bunda na Butiama, shafti hiyohiyo imebeba ringi ya ABS, yaani pete ya chuma yenye meno iliyokaa kwenye sivi jointi ya nje, karibu na habu. Aliyetoa shafti ametoa na ringi. Akirudisha shafti isiyo na ringi, gurudumu hilo linazunguka bila kuhesabiwa na yeyote.

Wajua sensa inahesabu vipi? Ndani ya sensa ya aina ya zamani kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Jino la ringi likipita mbele yake umeme mdogo unapanda, pengo likifuata unashuka. Sensa hii haipelekewi umeme, inauzalisha yenyewe. Kompyuta huhesabu mapigo hayo na kulinganisha magurudumu yote manne. Gurudumu moja likipungua kasi ghafla kuliko mengine wakati mguu uko kwenye breki, kompyuta inaelewa kwamba linataka kujifunga, hivyo inalegeza shinikizo la breki pale na kulirudisha, mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Wajua kwamba ringi za Toyota nyingi zina meno 48? Chukua gari dogo lenye tairi za 175/65 R14. Likiwa kwenye kasi ya kilomita 40 kwa saa, gurudumu huzunguka mara 6 hivi kila sekunde, na sensa huhesabu meno takriban 290 katika sekunde hiyo moja. Sasa fundi aweke shafti yenye ringi ya meno 44. Inaingia vizuri, inafungwa vizuri, gari linatembea. Lakini gari likiwa kwenye 40, kompyuta inaambiwa kwamba gurudumu hilo liko kwenye 37 hivi. Kwa hesabu ya kompyuta, gurudumu moja linachelewa safari nzima. Matokeo ni mawili: ama iwashe taa na kuzima ABS yote, ama, na hili ndilo baya zaidi, ianze kulegeza breki ya gurudumu lililo zima kabisa.

Ndiyo maana kuhesabu meno ni kazi ya kufanywa dukani, kabla fedha haijatoka. Gari lenye jina moja na umbo moja liliuzwa Japani likiwa na ABS na pia likiwa bila ABS, na shafti zake mbili zaweza kulingana urefu na kulingana mikato ya kuingia kwenye habu, zikatofautiana kwa ringi tu. Kwa sisi wa mkoa wa Mara jambo hili lina uzito wake, kwa sababu spea nyingi huagizwa Mwanza au Kariakoo na kupakiwa kwenye basi. Shafti isiyo yenyewe ikifika Musoma, kuirudisha ni nauli nyingine na siku nyingine gari likiwa juu ya mawe. Fundi mzuri huisafisha shafti ya zamani kwa dizeli na brashi, huweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza, huhesabu mpaka alama irudi, kisha humpigia muuzaji na kumtajia idadi. Picha ya ringi peke yake haitoshi. Meno 44 na meno 48 kwenye picha ya simu yanafanana.

Wajua kwamba ringi yaweza kupasuka bila kukatika? Kutu huota kati ya ringi na chuma cha sivi jointi, hutanuka, na pole pole huisukuma pete mpaka ifunguke ufa. Gari lililoishi sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, huja na kutu hiyo tayari. Na kuna ringi zinazopasuliwa papa hapa, kwa nyundo, fundi akijaribu kuzihamisha kutoka shafti ya zamani kwenda kwenye mpya. Ringi hutolewa kwa pula na kuvishwa ikiwa imepashwa moto kidogo, ikae sawasawa mzunguko mzima. Kuipiga upande mmoja ni kuiua.

Dalili ya ringi iliyopasuka ni ya pekee, na dereva akiijua humrahisishia fundi kazi nusu nzima. Unaingia stendi ya Bweri taratibu, uko chini ya kilomita 15 kwa saa, barabara kavu, unagusa breki kidogo tu, na pedali inakutetemekea mguuni kana kwamba umebana breki za ghafla. Gari linasogea mbele nusu mita zaidi ya ulivyotaka. Sababu yake ni kwamba ufa umepanua pengo moja kati ya meno, na kila mzunguko kompyuta inaona gurudumu kama limesita. Kwenye mwendo wa kasi kosa hilo dogo humezwa na hesabu, lakini kwenye mwendo wa taratibu linaonekana wazi. Taa mara nyingi haiwaki hata kidogo. Mtu hubadilishiwa pedi, hubadilishiwa diski, hata masta silinda, na pedali inaendelea kutetemeka.

Kuchomelea ufa huo? Hapana. Joto hupinda pete na uchomeleaji huacha kidonge cha chuma ambacho sensa itakisoma kama jino.

Wajua kwamba waya wa sensa hukatika ndani huku ngozi yake ya nje ikiwa nzima? Ili shafti itoke, fundi hulazimika kufungua bol jointi au boliti za shokapu na kuvuta kile chuma kinachoshika habu kuelekea nje. Waya wa sensa umefungwa hapo kwa vibanio viwili au vitatu. Asipovifungua kwanza, waya ndio unaobeba uzito. Hautakatika siku hiyo, lakini utakatika siku ya tatu, ukikata kona kuingia nyumbani. Kosa la pili ni kusahau kurudisha vibanio hivyo, waya ukaachwa unaning'inia, tairi likausugua kila usukani unapokatwa. Hapa kipimo ni rahisi: gari likiwa kwenye jeki na mita ya umeme imeunganishwa kwenye waya wa sensa, utikisetikise waya kwa mkono kuanzia kwenye habu hadi kwenye soketi, huku mwenzako akitazama mita. Namba ikiruka, umepapata.

Kuhusu mita, wajua namba za kutafuta? Sensa ya aina ya zamani ya Toyota husoma kwa kawaida kati ya ohmu 900 na 2,000 hivi, na la muhimu zaidi ni kwamba ya kulia na ya kushoto zisipishane sana. Kisha geuza mita isome volti za umeme wa AC, zungusha gurudumu kwa mkono, mzunguko mmoja kwa sekunde. Volti kidogo lazima zionekane, na zipande ukizungusha haraka. Ohmu ziko sawa lakini volti hakuna? Sensa ni nzima, tatizo liko mbele yake: ringi haipo, au ringi iko mbali.

Na umbali wenyewe ni mdogo mno. Kati ya ncha ya sensa na meno ya ringi huwa na nafasi ya karibu milimita 1. Kutu ikiota kwenye tundu sensa inapokaa, huinyanyua, na kompyuta huanza kupoteza hesabu kwenye mwendo mdogo, pale umeme wa sensa ni hafifu. Safisha tundu hilo kwa msasa kabla ya kurudisha sensa. Usiisukume ndani kwa nyundo. Na tazama ncha yake: kwa kuwa ni sumaku, huokota vumbi la chuma, hasa pale pedi za breki zilipoisha hadi chuma kikasagana na chuma. Ifute kwa kitambaa.

Wajua kwamba nati kubwa ya shafti, ile ya katikati ya gurudumu, inaweza kuwasha taa ya ABS? Kwenye Toyota ndogo nyingi hukazwa kwa nguvu ya Nm 216 hivi. Nati hiyo ndiyo inayobana beringi. Ikilegea, beringi inapata mchezo, ringi inasogea na kurudi mbele ya sensa, na umeme unaopimwa unayumba. Taa huweza kuwaka ukikata kona. Gereji nyingi za pembeni hukaza kwa bomba refu na uzito wa mtu, bila spana ya kupima, na hapo ndipo yanapotokea yote mawili, kulegea na kukaza kupita kiasi. Nati za tairi, kwa kulinganisha, hutakiwa Nm 103 tu. Usisahau kuipiga nati ya shafti ile sehemu yake nyembamba iingie kwenye mfereji, ili isijifungue njiani. Na gari lisisukumwe likiwa limekaa kwenye magurudumu wakati shafti imetolewa: uzito huo unaweza kuiharibu beringi.

Magari ya karibuni yana jambo lake. Mengi hayana meno kabisa. Ringi yao ni ukanda mweusi wa sumaku uliofichwa ndani ya muhuri wa beringi, upande mmoja tu. Beringi ikiingizwa kinyume, sensa inatazama chuma kitupu na taa inawaka kuanzia mita za kwanza. Kabla ya kuibana beringi kwenye presi, chukua msumari mdogo au klipu ya karatasi na uguse pande zote mbili kwa upole: upande unaovuta ndio unaoelekea sensa. Usiuache upande huo karibu na sumaku ya spika wala usiugonge. Sensa za magari haya hupelekewa umeme na kompyuta, kwa hiyo kipimo cha ohmu hakifai kwake. Pima kama volti zinafika kwenye soketi.

Na wenye Hilux? Wajua kwamba kwenye pikapu nyingi za aina hiyo zenye ABS, ringi ya nyuma imebanwa juu ya ekseli yenyewe, jirani na beringi, ndani ya nyumba ya ekseli? Mafundi wengi huizoea ekseli ya nyuma kama chuma cha kutoa na kurudisha, hasa muhuri wa oili unapovuja na oili ya difu kuingia kwenye dramu. Lakini beringi ikibadilishwa, ringi nayo hushuka na kupandishwa upya kwa presi, na lazima irudi pale pale ilipokuwa. Ikikaa milimita chache kando, sensa inayochungulia kutoka tundu la juu haitaiona. Pima kwa rula kabla ya kuitoa, andika, rudisha kwa kipimo hicho. Muhuri wa oili nao uingie kina kilekile, ama sivyo baada ya muda mfupi dramu italowa tena na breki ya nyuma itapotea, na hilo ni tatizo kubwa kuliko taa.

Wajua kwamba Toyota nyingi husema zenyewe gurudumu lipi lina kosa, bila mashine? Chini ya dashibodi kuna soketi yenye matundu 16. Kipande cha waya kikiunganisha tundu namba 4 na namba 13, funguo ikiwa ON na injini imezimwa, taa ya ABS huanza kupepesa. Ikipepesa haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara 3, ikapumua, kisha mara 1, hiyo ni 31: mbele kulia. 32 ni mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Baada ya kutengeneza, pedali ya breki ikikanyagwa haraka mara 8 au zaidi ndani ya sekunde chache, waya ukiwa bado pale, kumbukumbu hufutika. Angalizo moja zito: tundu namba 16, la mwisho safu ya chini, lina umeme wa betri moja kwa moja. Hesabu matundu kwa tochi, usibahatishe.

Kulia ni kulia kwa aliyekaa ndani. Fundi aliyesimama mbele ya boneti analitazama gari uso kwa uso, na mkono wake wa kulia uko upande wa kushoto wa gari. Sensa nzima zimetupwa kwa sababu hiyo. Na wanaojifunza kwa video za Kimarekani wajihadhari zaidi: kule upande wa dereva ni kushoto, huku kwetu ni kulia.

Vile vifaa vidogo vya kuunganisha na simu? Vingi husoma injini tu. Vikiandika kwamba hakuna kosa, ABS haikuulizwa. Mashine inayoingia kwenye ABS huonyesha kasi za magurudumu yote manne kwa wakati mmoja: endesha mnyoofu kwa kilomita 20 au 30 kwa saa, abiria akitazama, na gurudumu lililopotea litajitaja lenyewe.

Tairi pia! Ukifunga 185/65 R15 upande mmoja na 175/65 R14 upande wa pili, mzingo unatofautiana kwa asilimia 6 hivi, na kompyuta inaona tofauti ya aina ileile ambayo ingeiona kwa ringi isiyo yake. Kwa hiyo kama shafti ilibadilishwa na tairi ikabadilishwa siku hiyohiyo, soma maandishi ya tairi kwanza. Haigharimu kitu.

Wajua kwa nini taa ya ABS huwaka pamoja na taa nyingine? Mfumo wa kuzuia gari kuteleza husoma sensa zilezile, kwa hiyo ABS ikipoteza hesabu nao hujitoa. Kwenye baadhi ya magari hata mshale wa spidi hutegemea sensa za magurudumu, na mshale ukilala baada ya kubadilisha shafti, mtu huenda kununua dashibodi ya mtumba bure. Lakini kuna mchanganyiko mmoja wa taa usiopaswa kuchukuliwa kirahisi: ABS ya njano ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, na handbreki iko chini. Angalia mafuta ya breki papo hapo. Yakiwa sawa, basi ule mgawanyo wa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma umeacha kufanya kazi, na magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kwanza. Gari linaweza kuzunguka lenyewe barabarani.

Hilo ndilo linalotokea pia pale fundi anapochomoa fyuzi ya ABS "ili ABS isikusumbue". Nawaomba wenye magari, na kwa dhati kabisa wenye noah na haisi zinazobeba watu, mkatae huduma hiyo. Taa ya njano peke yake inamaanisha breki za kawaida zipo na gari linaweza kufika gereji kwa mwendo wa uangalifu. Ni nafasi ya kutengeneza. Kazi yenyewe mara nyingi ni waya, kutu au ringi.

ABS kwanza kabisa inalinda usukani. Gurudumu la mbele lililojifunga linateleza lilikokuwa linaelekea, hata ukate usukani wote. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Kwenye barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, pale lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti linapopakana na lami, wanyama huweza kutokea wakati wowote, na kutoka hapo hadi Bunda na kuendelea ni zamu ya ng'ombe na mbuzi. Uwezo wa kukanyaga breki kwa nguvu zote na bado kukwepa ndicho ABS inachotoa. Pedali ikitetemeka mguuni wakati huo, usinyanyue mguu. Endelea kukandamiza na ukate usukani.

Kwenye changarawe legevu mambo hubadilika. Gurudumu lililojifunga huchimba na kujikusanyia lundo la kokoto mbele yake, na lundo hilo husaidia kusimamisha gari. ABS hairuhusu hilo litokee, kwa hiyo gari huweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Anayetoka Butiama kuelekea Nata na Mugumu akiingia sehemu za vumbi apunguze mwendo mapema, hata kama mfumo wake ni mzima.

Mfumo wenyewe ulianzia angani: Maxaret ya Dunlop ilifungwa kwenye ndege mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikaingia kwenye gari la Kiingereza Jensen FF mwaka 1966. ABS ya umeme ya Bosch ilianza kuuzwa kwenye Mercedes-Benz za daraja la S mwaka 1978.

Je, wajua kwamba raba ya sivi jointi ikibadilishwa mapema, mara tu inapochanika na kuanza kurusha grisi, shafti na ringi yake hubaki zilezile za kiwandani? Mawe ya barabara za vijijini huichana, mchanga huingia, na baada ya muda utasikia tak-tak-tak ukikata kona. Mlio huo ukishaanza, raba haisaidii tena. Chungulia nyuma ya magurudumu ya mbele kila unapomwaga oili.

Na anayenunua gari la mkononi, wajua pa kutazama? Washa funguo hadi ON, usiwashe injini, uhesabu polepole hadi tano. Taa ya ABS iliyo nzima huwaka na kuzima yenyewe baada ya sekunde 3 hivi, wakati taa za oili na chaji zinaendelea kuwaka. Isipowaka kabisa, huenda balbu imeungua, imetolewa au imezibwa kwa tepu. Ikibaki imewaka pamoja na ya oili na kuzima nayo sekunde ileile injini inapoitika, kuna mtu ameziunganisha nyaya zake ili kukuficha. Inama uangalie shafti za mbele.